Barua ya wazi kwa wakuu wa taasisi za Kanda ya Ziwa kuhusu watumishi wanaorekebisha lugha huria za programu

Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri, wakuu wa taasisi za umma na wakuu wa vyuo mkoani Mwanza na mikoa jirani ya Ziwa, pamoja na maofisa sheria wao.

YAH: OMBI LA WARAKA WA RUHUSA KWA WATUMISHI WANAOCHANGIA LUGHA HURIA ZA PROGRAMU

Ndugu Wakuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa kuandika programu na mtengenezaji wa mifumo ya kompyuta, mkazi wa Nyegezi, na kwa miaka kadhaa nimefanya kazi na vitengo vya TEHAMA vya ofisi za umma, vyuo na mashirika yasiyo ya kiserikali hapa Mwanza. Ombi ninalolileta kwenu halihitaji fungu jipya wala zabuni. Linahitaji karatasi moja yenye nembo ya ofisi na sahihi ya mkuu wake, inayosema kwamba mtumishi aliyegundua hitilafu katika lugha huria ya programu, yaani ile ambayo msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe) uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha, au katika maktaba zake, yaani vipande vya msimbo vilivyo tayari ambavyo programu nyingine huvitumia, akairekebisha akiwa kazini, anaruhusiwa kuyarudisha marekebisho hayo kwa watunzaji wa lugha hiyo ili yaingie katika toleo linalofuata. Karatasi ya namna hiyo sijaiona katika ofisi hata moja niliyopita, na kukosekana kwake kunatugharimu kuliko inavyoonekana.

Naomba nieleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu bila kisa jambo hili husikika kama mambo ya vijana wa kompyuta tu.

Kijana mmoja niliyemfundisha aliajiriwa katika ofisi moja ya kanda hii, akapewa jukumu la kukusanya takwimu za mialo ya Ziwa Victoria, yaani vituo vya kupokelea samaki, kutoka nchi zote tatu, yaani Tanzania yenye asilimia 51 ya ziwa, Uganda yenye 43 na Kenya yenye 6, na kuzionyesha kwenye ramani moja. Mahali pa kila mwalo palikuwa pameandikwa kwa nyuzi na dakika, na upande wa kusini mwa ikweta ulitambulishwa kwa alama ya kutoa. Alitumia lugha huria ya programu iitwayo Python, na ndani ya Python maktaba ndogo ya huria inayogeuza nyuzi na dakika kuwa namba ya desimali, ambayo ndiyo programu za ramani huitaka. Mialo ya Mwanza, Ukerewe, Sengerema na Musoma ilikaa mahali pake barabara. Mialo ya Homa Bay, upande wa Kenya, haikuwa ziwani kabisa. Ilikuwa nchi kavu upande wa Bungoma, kwenye ukanda wa mashamba ya miwa, zaidi ya kilomita 100 kutoka inapostahili kuwa.

Ilimchukua muda kuona kilichotokea, ingawa ukishakiona ni rahisi. Homa Bay ipo nyuzi 0 na dakika 31 kusini mwa ikweta. Katika jedwali, safu ya nyuzi ilikuwa imeandikwa alama ya kutoa ikifuatiwa na sifuri. Maktaba ile iliichukua safu hiyo na kuigeuza kuwa namba kamili, na kwa kompyuta hakuna namba kamili iitwayo kutoa sifuri: sifuri ni sifuri, alama inadondoka. Dakika 31 zilizobaki zikajumlishwa juu ya sifuri isiyo na alama, na mwalo mzima ukavuka ikweta kwenda kaskazini. Maji ya Tanzania yanaanzia nyuzi 1 kusini, ndiyo maana mialo yetu haikuguswa, na ofisi ambayo ingeshughulika na upande wetu peke yake isingeligundua hili hata kwa miaka kumi. Nitaongeza kwamba hitilafu hiyohiyo humpata yeyote anayeishi karibu na mstari wa sifuri. London, iliyo magharibi kidogo ya mstari wa Greenwich, nayo ingerukia mashariki yake, lakini kwa umbali usiofika kilomita 20, na mtu anayetazama ramani ya Ulaya nzima hawezi kushtuka. Kwenye ziwa letu kosa lile lilitoa mitumbwi majini na kuiweka shambani.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari minne: isome alama kwanza na kuihifadhi kando, geuza nyuzi bila alama, ongeza dakika, kisha rudisha alama mwishoni. Pamoja nayo aliandika jaribio dogo linaloipa maktaba kutoa sifuri na dakika 31 na kudai jibu liwe kutoa 0.5167, ili yeyote atakayekuja kuibadilisha maktaba siku za usoni aambiwe papo hapo kama ameirudisha hitilafu. Kazi ya namna hii ndiyo inayobeba lugha za programu duniani kote, na iliandikwa hapa Mwanza na kijana aliyesoma hapahapa.

Alipoomba ruhusa ya kuyatuma marekebisho hayo kwa watunzaji wa maktaba, jalada lilikwenda kwa afisa sheria, likakaa wiki kadhaa, likarudi na jibu kwamba kwa mujibu wa mkataba wa ajira kila anachokitengeneza mtumishi kazini ni mali ya mwajiri, na kwamba hakuna utaratibu wa kuitoa mali hiyo nje ya ofisi. Sina ugomvi na afisa sheria huyo. Alisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa hakikuwaza jambo hili. Basi marekebisho yakabaki kwenye kompyuta moja. Baadaye mfumo ulihamishiwa kwenye seva mpya, maktaba ikapakuliwa upya kutoka mtandaoni ikiwa na hitilafu yake ileile, na mialo ya Homa Bay ikarudi kwenye miwa. Kijana alikuwa ameshahamishiwa Dodoma, na hakuna aliyebaki ofisini aliyejua kwamba tatizo hilo liliwahi kutatuliwa.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa barua hii. Marekebisho yanayobaki ofisini yana mlinzi mmoja, naye ana likizo, uhamisho na kustaafu. Marekebisho yaliyorudishwa kwa watunzaji hukaguliwa na watu wengine, huingia katika toleo jipya, na kila seva itakayoipakua maktaba hiyo kuanzia siku hiyo, iwe ya ofisi yenu au ya ofisi iliyoko Kisumu, itayapata bila mtu yeyote kukumbuka chochote. Kuyarudisha, kwa maneno mengine, ndiyo njia nafuu kuliko zote ya ofisi kulinda kazi iliyokwisha kuilipia mshahara.

Wapo watakaosema kwamba kijana huyo angeyatuma tu kimyakimya akiwa nyumbani. Wengi hufanya hivyo, usiku, kwa majina ya mtandaoni yasiyofanana na yaliyo kwenye vitambulisho vyao. Lakini miradi mikubwa haipokei kazi kiholela. Anayetaka kuchangia Python yenyewe hutakiwa kwanza kukubali makubaliano ya mchangiaji, ambayo ndani yake anathibitisha kwamba anayo haki ya kukitoa anachokitoa. Mtumishi ambaye mkataba wake unasema kila kitu ni cha mwajiri hawezi kuthibitisha hivyo kwa dhamiri safi. Kwa hiyo utaratibu wetu wa sasa unamzuia mwaminifu na kumpitisha asiyejali, jambo ambalo nadhani hakuna mkuu wa taasisi aliyekusudia.

Pengine linalowatia wasiwasi baadhi yenu ni kutojua hasa kazi hiyo inakwenda kwa nani. Swali hilo ni la haki. Python ilianzishwa na Guido van Rossum, Mholanzi aliyeanza kuiandika mwishoni mwa mwaka 1989 katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam, akaitoa hadharani mwaka 1991, na kwa miaka mingi neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Julai 2018, baada ya mabishano makali kuhusu badiliko moja la sarufi ya lugha hiyo, alijiuzulu nafasi hiyo bila kumteua mrithi. Wachangiaji walijadiliana kwa miezi, wakapiga kura, wakaunda baraza la watu watano linalochaguliwa upya baada ya kila toleo kubwa, na wakaweka sharti kwamba wajumbe wanaoajiriwa na mwajiri mmoja wasizidi wawili. Nimeona vyama vya ushirika hapa kanda ya ziwa ambavyo havina sharti zuri kama hilo. Hakuna kampuni inayoimiliki lugha hii kwa maana ambayo ofisi zetu huizoea, ile ya mzabuni mwenye ufunguo, na kazi ya mtumishi wenu ikiingia humo haiwi mtaji wa mtu mmoja, kwa kuwa leseni inamruhusu kila mtu kuitumia, nanyi mkiwemo.

Ni kweli pia kwamba lugha hizi zinasimama juu ya mabega machache kuliko watu wanavyodhani, na hilo linapaswa kuwahusu nyinyi mnaozitegemea. Mwaka 2021 Nikita Popov, mmoja wa watu waliokuwa wakibeba sehemu kubwa ya kazi ya ndani ya lugha ya PHP, alipotangaza kwamba anahamia kazi nyingine, ilibidi kampuni kadhaa zinazoitegemea lugha hiyo zikutane na kuunda mfuko wa kuwalipa watunzaji wengine. Tovuti nyingi mnazozitumia ofisini zinaendeshwa na PHP. Ujerumani, kupitia mfuko wa serikali yake ulioanza mwaka 2022 kwa ajili ya kugharamia programu huria zinazotegemewa na umma, imeuchangia mfuko huo wa PHP. Sipendekezi kwamba halmashauri ya wilaya itume euro Ulaya. Ninasema tu kwamba serikali nyingine imeona matunzo haya ni jambo lake, na sisi tumealikwa kwenye meza hiyohiyo kwa miaka mingi tukila bila kushika jembe, wakati wahenga walitupa siku mbili tu za ugeni.

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Mfumo wa DHIS2, ambao takwimu za afya za nchi hii hupita humo, umeandikwa kwa Java na unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameuchangia kwa miaka mingi. Na kwa anayedhani lugha zenyewe hutungwa Ulaya na Marekani pekee, Lua ilitungwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil, na wahandisi waliokuwa wakihudumia kampuni ya mafuta ya Petrobras katika miaka ambayo sera za nchi yao zilifanya kununua programu za nje kuwa jambo gumu. Leo Lua imo ndani ya michezo mingi ya kompyuta, na kurasa za Wikipedia huitumia kila siku.

Hoja ninayokutana nayo mara nyingi zaidi katika vikao ni ya usalama: kwamba tukituma msimbo nje, siri za serikali zitatoka nao. Naomba tutenganishe vitu viwili. Taarifa za wananchi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hakuna sehemu ya ombi langu inayozigusa. Anachorudisha mtumishi ni mistari michache ya maktaba ambayo tayari ipo hadharani, pamoja na jaribio lenye namba za kubuni. Jina la mvuvi halimo, kiasi cha samaki hakimo, hata jina la ofisi si lazima liwemo.

Upo upande mwingine wa hoja hiyo ambao ni mzito zaidi, na sitaki kuuficha. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu fulani alikuwa amepenyeza mlango wa siri katika XZ, programu ndogo ya kubana mafaili inayokuwa ndani ya mifumo mingi ya Linux, ile mifumo huria ya kuendeshea kompyuta. Alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujenga imani, akichangia kazi halali, hadi akawa mmoja wa watunzaji. Aliyemfichua ni mhandisi Andres Freund, ambaye alikuwa akifanya kazi nyingine kabisa na akashangaa kwa nini kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wapo wanaosoma tukio hilo kama sababu ya kukaa mbali na programu huria. Mimi nalisoma hivi: mlango ule ulipita kwa sababu mradi unaotumika dunia nzima ulikuwa na mtunzaji mmoja aliyechoka, na ulifungwa kwa sababu msimbo ulikuwa wazi na mtu makini alikuwa na muda na ruhusa ya mwajiri wake ya kuchimba. Ofisi ambazo wataalamu wake hawaruhusiwi kufungua maktaba wanazozitumia haziwezi kutoa mtu wa namna hiyo, nazo zitasikia habari kwenye redio.

Ruhusa hiyo isiwe ya maneno tu bila muda. Kila Oktoba hutoka toleo jipya la Python, na kila toleo huhudumiwa kwa miaka 5, kisha marekebisho ya usalama hukoma. Mambo yanayokusudiwa kuondolewa hutangazwa matoleo kadhaa kabla: kifaa cha kufungashia programu kiitwacho distutils kilitolewa tahadhari katika toleo la mwaka 2021 na kuondolewa katika la mwaka 2023. Mtumishi mwenye nusu siku kwa wiki iliyoandikwa katika mpango kazi wake atazisoma tahadhari hizo na kuandaa mfumo mapema. Asiyenayo atazijua siku mfumo utakapogoma. Bado nakutana na kompyuta za ofisi zinazotumia Python 2, ambayo huduma yake ilikoma Januari 1, 2020, na katika lugha hiyo ukigawanya 7 kwa 2 unapata 3 badala ya 3.5. Sijui ni wastani wa mizigo mingapi ya dagaa umeandikwa kwenye taarifa kwa hesabu hiyo, na ningependa wakaguzi wa ndani walifuatilie.

Kwenu wakuu wa vyuo, ninalo ombi la ziada. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho huleta mradi wa mfumo wa kusimamia maktaba au mfumo wa kusimamia hosteli, uleule wa mwaka uliotangulia, ambao hakuna atakayeutumia baada ya kupata alama. Kubalini kwamba hitilafu iliyorekebishwa katika lugha au maktaba inayotumika kweli, ikapita mbele ya wahakiki wasiomjua mwanafunzi wala mwalimu wake, inaweza kuhesabiwa kama mradi, na kwamba mafunzo kwa vitendo yanaweza kufanyika chini ya mtunzaji wa mradi huria pamoja na msimamizi wa hapa. Wahakiki hao ni wakali. Watamwambia mwanafunzi jina alilolipa kigezo halieleweki, jaribio lake halijagusa upande wa longitudo, maelezo ya badiliko hayatoshi, naye atarudia mara tatu au nne kabla ya kukubaliwa. Hakuna mtihani tunaoutunga sisi walimu unaofundisha hivyo. Utaratibu wa kutafsiri nyaraka rasmi za Python nao upo tangu mwaka 2017, na vitivo vyenu vya lugha vina watu wanaoweza kukaa meza moja na wa kompyuta wakalifanya hilo kwa Kiswahili sanifu.

Kuhusu miundombinu nitasema moja tu. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi ilizorota kwa siku kadhaa, na darasani hatukuweza kupakua hata maktaba ndogo. Chuo kimoja chenye seva na diski ya kutosha kinaweza kuhifadhi nakala ya maktaba zinazotumika zaidi, ikasasishwa kila usiku, na vyuo vingine vikaichukua humohumo nchini. Wataalamu wa kuisimamia mnao.

Ninachoomba kifanyike kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1 ni waraka, na ili maofisa sheria wasianze na karatasi tupu, ninapendekeza maneno haya: “Mtumishi wa taasisi hii anayetumia programu huria katika kazi zake anaruhusiwa kuwasilisha kwa watunzaji wa programu hizo marekebisho, majaribio, tafsiri na maelezo aliyoyaandika kazini, kwa leseni ya programu husika, na kukubali makubaliano ya mchangiaji kwa niaba yake mwenyewe, ilimradi visiwemo taarifa binafsi, nywila, wala msimbo wa mifumo ya ndani ya taasisi. Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA atathibitisha sharti hilo ndani ya siku tano za kazi, na asipojibu ndani ya muda huo, ruhusa itahesabika imetolewa.” Sentensi ya mwisho ndiyo nitakayoitetea kuliko zote, kwa sababu bila hiyo jalada litakaa. Mengine yote katika rasimu hii mnaweza kuyabadilisha, na nipo tayari kuja kwenye kikao chochote cha menejimenti, bila posho, kuyapitia mstari kwa mstari pamoja na wanasheria wenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu na mtengenezaji wa programu,
Nyegezi, Mwanza